Pikipiki Iliyopenda Kushoto

Pikipiki yangu ilikuwa na msimamo, na msimamo wake ulikuwa kushoto. Uachie usukani kidogo tu, hata kwa kujikuna pua, itaanza kusogea kushoto, polepole, bila hasira, na usipoizuia itaingia mtaroni, kwenye beseni la mama muuza vitumbua, au uani kwa watu wenye mbwa. Hiyo ilikuwa tabia ya kwanza. Tabia ya pili ilianza ukikaribia kilomita 50 kwa saa: usukani ulitetemeka. Vidole ndivyo vilivyopata habari kwanza, kisha viwiko, kisha meno. Ukipunguza mwendo ulizidi, halafu ukatulia ghafla, nawe ukabaki umekunja uso mbele ya watu waliosimama kituoni ambao hawakuona sababu yoyote ya kukunja uso.

Ni Honda CG 125. Kwa vijana wa huku Dilala wanaopanda TVS na Boxer za juzi, hiyo ni mali ya makumbusho. Honda waliitoa mwaka 1976 wakizifikiria nchi kama zetu, yaani nchi ambako oili hubadilishwa siku mtu atakapokumbuka. Wakaipa injini isiyo na makuu, wakaifunika cheni yote kwa bati ili vumbi lisiipate. Aliyechora lile bati sidhani kama aliwahi kufika Kolwezi mwezi wa nane, lakini aliotea vizuri, maana vumbi letu jekundu huingia hata ndani ya saa ya ukutani. Kabla ya kunifikia, pikipiki hiyo ilipita kwa mwalimu, kwa mwinjilisti na kwa mchuuzi wa makaa, na kila mmoja aliiachia kumbukumbu. Ya mchuuzi wa makaa ilikuwa kwenye fremu.

Sasa, mji wetu wa Kolwezi una tabia yake. Huku mtu hatafuti jibu juu ya ardhi. Mji ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya kuchimba, ukanenepa kwa kuchimba, na mwaka 2014 kobalti ilipopatikana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba sebuleni, vyumbani, nyuma ya choo. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza kwa nini pikipiki inavuta kushoto, hawezi kukujibu "pima upepo." Upepo uko juujuu mno. Chanzo lazima kiwe chini, kiwe cha ghali, na ikiwezekana kiwe na adui.

Wa kwanza kuchimba alikuwa kwado, fundi wa kuziba matairi. Huyu ana kibanda kando ya barabara, tairi bovu limetundikwa juu ya mti kuwa bango, na kompresa ambayo ikiwashwa mazungumzo yote ya mtaa yanasimama. Viraka anavichoma kwa pistoni kuukuu: anakibana kiraka chini yake kwa skrubu, anamimina petroli kidogo ndani, anawasha, anakaa pembeni kuvuta sigara umbali ambao mimi nisingeuchagua. Kioo cha kipimo chake cha upepo kilivunjika zamani na mshale umelala kwenye sifuri. Haimsumbui. Yeye anapima kwa kulipiga tairi pao la chuma na kutega sikio.

"Imeyala, Patro."

Nikamwonyesha kwamba tairi la mbele limebonyea pale linapogusa chini.

"Hapo iko inapumzika."

Alipoifungua tyubu, tuliona viraka vimepanda juu ya viraka, na valvu imelala ubavu. Valvu iliyolala ina maana yake, hata kama kwado hakuwa na muda nayo: tairi likikosa upepo halishiki rimu sawasawa, ukifunga breki linateleza kuizunguka na kuivuta tyubu pamoja nalo, na valvu iliyopita kwenye tundu la rimu haina pa kwenda ila kuinama. Ikiinama vya kutosha inachanika shinani, na upepo wote unatoka kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida mahali pasipo na kwado. Kwado wangu aliinyoosha kwa koleo, akaitazama, akaghairi, akaniuzia tyubu nyingine. Ilikuwa ya inchi 17. Rimu ni ya 18.

"Mupira unajuwa kunyooka, Patro."

Akalirudisha tairi kwa kulipanda kwa miguu yote miwili. Upande mmoja liliingia vizuri kwenye rimu. Upande wa pili lilifikiria. Tangu siku hiyo pikipiki ikapata tabia ya tatu, kudunda: dup, dup, dup, kila mzunguko, kwa uaminifu mkubwa.

Tairi la upepo, kama hukujua, lililetwa mjini na daktari wa mifugo. John Boyd Dunlop alikuwa akitibu wanyama Belfast mwaka 1888 alipokifungia kibaiskeli cha magurudumu matatu cha mwanawe mipira iliyojaa hewa, mtoto asirushwerushwe. Kutokana na kibaiskeli hicho dunia ikashikwa na njaa ya mpira, na njaa hiyo ikaja kulishwa huku kwetu, kwenye misitu ya Leopold II, kwa namna isiyofaa kuandikiwa ucheshi. Nalitaja tu kwa ajili ya yule kijana wa duka la vipuri anayenieleza kila nikienda kwamba matairi ni mambo ya kigeni, sisi hatuyawezi. Wazee wetu walishayalipia.

Baada ya kwado nikaangukia mikononi mwa manseba, ndivyo tunavyowaita vijana wa taksi-moto. Mmoja aliipanda, akazunguka kituo mara moja, akarudi na hukumu: "Yaya, rulema za gido njo zimekufa." Hakuwa mbali na ukweli. Pale shingoni, usukani unapopita kwenye fremu, kuna vikombe viwili vyenye gololi ndani, juu na chini. Miaka ikipita na mashimo ya barabara yakizigonga, kila gololi huchimba kishimo chake kwenye kikombe na kuhamia humo. Hata gololi za Kolwezi ni wachimbaji. Usukani ukifika katikati unanasa, ukiutoa unaruka.

Dawa yake ingekuwa vikombe vipya na gololi mpya. Manseba alichukua patasi na nyundo, akaipiga nati ya shingoni mpaka usukani ukaacha kucheza. Ukaacha kucheza kweli, kwa sababu uliacha kusogea. Watu wengi hudhani usukani mgumu ni usukani imara. Lakini chombo cha magurudumu mawili kinasimama kwa kujirekebisha: kikianza kuangukia upande, gurudumu la mbele linageukia upande huohuo kidogo sana na kukirudisha, tena na tena, bila wewe kujua. Bana shingo, na kila marekebisho yanachelewa, yakifika yanapita kiasi. Pikipiki yangu haikuacha kwenda kushoto. Sasa ilikuwa inakwenda kushoto kwa kuyumba, ikisimama njiani kutafakari.

Kituo kikagawanyika. Kundi moja likasema ni bushi za mkono wa nyuma. Jingine likasema fremu imepinda, niiuze Likasi ambako hawanijui. Mzee mmoja aliyekuwa anapita tu akasema anayeuliza barabara huku amepanda chombo hafiki, na wote wakanyamaza kwa heshima ingawa sikuona aliyemwelewa.

Jirani yangu ndiye aliyechimba kwa kina zaidi. Yeye yuko kwenye karakana ya matairi ya mgodi mmoja hapa, anahudumia malori ya Caterpillar 777, yale yanayobeba tani 90 na ushee kwa safari moja. Tairi la lori hilo likisimama, mtu mrefu anapita chini ya ukingo wake bila kuvua kofia. Huyo bwana alichuchumaa mbele ya gurudumu langu, akalitazama kwa huruma, akaanza kunipa darasa la joto la mpira, uzito zidisha mwendo, na hatari ya tairi kulipuka. Mwisho akashusha sauti: shida ni hewa yenyewe. Mgodini hawatumii hewa ya hivihivi. Wanajaza naitrojeni.

Nikamwambia hewa ya hivihivi, hiyo ya bure tunayovuta hapa tukiwa tumekaa, ni naitrojeni asilimia 78.

Akafikiria. "Basi," akasema, "umebakiza kidogo tu."

Mke wangu, aliyekuwa amechoka kusikia habari za tairi kila bukari inapotengwa mezani, alimwalika mchungaji. Mchungaji hakupoteza muda kwenye gololi. Aliuliza nani aliyeniuzia, na kama alikuwa anacheka aliponipa funguo. Kisha akatoa kichupa cha mafuta ya mzeituni na kuliendea gurudumu la mbele. Hapo nilisimama katikati. Nilimweleza kwa adabu yote kwamba mafuta kwenye tairi au kwenye ngoma ya breki yataniharakishia safari ya kumwona aliyemtuma. Tukaafikiana apake tanki. Akapaka tanki, kiti, na kwa tahadhari akaipaka na helmeti yangu. Vumbi likashika pale alipochora, na kwa muda mrefu nilitembea mjini na msalaba mwekundu kwenye tanki. Upande wa kushoto haukuathirika.

Aliyeipatia dawa ya kweli alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye huniazima pikipiki kila Jumamosi na kuirudisha na petroli ya kufika getini. Yeye hakuuliza sababu. Aliketi kwa tako moja, la kulia, akalitoa goti nje, akakiinamisha kichwa, na pikipiki ikaenda moja kwa moja hadi Musonoi na kurudi. Alisema tatizo liko kwenye kukaa kwetu. Tunakaa kama tuko kanisani. Kadiri miezi ilivyopita nikaona hata akitembea kwa miguu anaegemea kulia.

Ningeendelea hivyohivyo, maana mtu huzoea, lau si mahari ya mpwa wa mke wangu.

Mama mkwe anakaa Kapata. Siku ya kupokelewa mahari alitakiwa Dilala saa nne asubuhi, naye ndiye aliyekuwa mama mkubwa wa shughuli. Bila yeye hakuna anayegusa bahasha. Taksi aliyoahidiwa haikutokea. Simu ikapigwa. Wote waliokuwa sebuleni wakanitazama.

Mtu wa nje hawezi kujua uzito wa jambo hili. Kwetu mimi na mama mkwe hatugusani. Hatupeani mikono, hatukai kiti kimoja, tukikutana njiani mmoja wetu anatafuta kitu cha kutazama kando. Ni heshima, na tumeitunza tangu siku ya ndoa yangu. Sasa nilitakiwa kumbeba mama huyo nyuma yangu kwenye kiti chenye urefu wa hatua moja.

Alitoka amevaa kitenge kilichoshonwa wiki ile, kilemba cha ghorofa mbili, pochi kwapani. Aliitazama pikipiki, akautazama msalaba, akasema "Haya." Akapanda kiupandeupande, akaweka pochi kati yetu kuwa mpaka wa kimataifa, akashika chuma cha keria kwa mkono mmoja nyuma yake. Mizigo ya nyuma ya ekseli huinyanyua mbele, na mama mkwe, Mungu amzidishie, si mtu mdogo. Gurudumu la mbele likawa jepesi. Usukani ukawa unashauri tu.

Tukatoka Kapata salama, mimi nimeinama kulia kama shemeji. Kwenye lami tulipita lori la maji linalomwagia vumbi, halafu nyuma yetu likaja lori jingine, lenye haraka. Nikaongeza mwendo kulikimbia. Arobaini. Arobaini na tano. Vidole vikapata habari.

"Mukwe," ilikuja sauti nyuma yangu, shwari kabisa, "hiki chombo kinatetemeka kwa sababu gani?"

"Ni barabara, Mama."

"Barabara nayiona. Iko sawa."

Usukani ukaanza kupiga kwa nguvu, kushoto kulia kushoto kulia, na nyuma ikajibu kwa kuyumba kwa utaratibu wake tofauti. Lori likapiga honi. Pochi ikadondoka katikati. Na hapo, kati ya Kapata na mjini, mbele ya wachimbaji waliokuwa wamebeba mifuko yao kando ya njia na ambao walisimama wote kutazama, mama mkwe aliachia chuma cha keria, akanikumbatia kiuno kwa mikono miwili, akafungia vidole mbele ya tumbo langu, na kuita jina la marehemu baba yake.

Nikaachia gesi bila kugusa breki, nikakaza magoti kwenye tanki, nikaulegeza mkono badala ya kuubana. Ndivyo inavyotakiwa: ukiung'ang'ania usukani unaotetemeka unaulisha. Tukapungua, tukapungua, ukatulia. Tukasimama. Mama akashuka, akarekebisha kilemba, akaifuata pochi yake nyuma mita kama mia kwa mwendo wa mtu aliyeamua kutembea tangu mwanzo. Aliporudi alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kwenye kilemba. Alitazama kando, kama kawaida yetu, akasema:

"Kuku mmoja hatatosha."

Mahari ilichelewa kupokelewa. Faini yangu ilijadiliwa siku hiyohiyo, na upande wa bwana harusi waliomba wachangie kwa sababu walishacheka sana. Ilikuwa mbuzi. Na sharti la pili, lililotoka kwa mama mkwe kupitia kwa mke wangu kupitia kwa mlango: chombo kipelekwe kwa Mzee.

Mzee ni babu wa ukoo wao, alikuwa fundi ajisteri kwenye karakana za kampuni ya migodi ya Gécamines hadi ule mpango ulioanza mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa kile kilichoitwa hiari. Tangu hapo anakaa barazani, anarekebisha cherehani, pampu, na watu. Nilipomsogezea pikipiki hakuigusa. Aliniambia niweke tofali chini ya injini ili gurudumu la mbele liwe hewani. Kisha akaagiza vitu: chaki, uzi wa kushonea magunia, kijiko, sabuni ya kufulia, maji kwenye bakuli. Bibi akauliza kutoka ndani kama kuna mgonjwa.

Kabla ya yote akatoa mfukoni kipimo cha upepo, kile kidogo cha kalamu. Ilikuwa asubuhi na pikipiki imelala nje. Alitaka hivyo, tairi likiwa baridi, kwa sababu huku kwetu juu, zaidi ya mita 1,400, alfajiri ya Julai na mchana wake ni nchi mbili, na kila nyuzi kumi za joto huongeza kama sehemu moja ya kumi ya bari. Mbele: 0.9. Nyuma: 2.9. Pikipiki hii inataka kama 1.75 mbele, na nyuma 2, au 2.25 ukibeba mtu.

Mzee akatazama zile namba kwa muda.

"Huyu kwado wako si mjinga," akasema. "Ametoa wastani."

Akalizungusha gurudumu la mbele taratibu na kunionyesha mstari mwembamba uliochongwa ubavuni mwa tairi, karibu kabisa na rimu. Mstari huo hauna urembo. Uko pale ili ulinganishe. Umbali wake na rimu unapaswa kuwa mmoja kuzunguka kote. Wangu ulionekana vizuri, ukaonekana nusu, ukazama, ukarudi. Hapo ndipo dup-dup ilipokuwa ikikaa. Mshale wa mwelekeo nao ulitazama nyuma. Halafu akavaa miwani na kusoma tarakimu nne ndani ya kiduara kidogo: 1911. Wiki ya 19 ya mwaka 2011.

"Hili tairi limezaliwa kabla watu hawajachimba Kasulo," akasema, akalikandamiza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. Mpira uliozeeka hivyo haushiki barabara, unagongana nayo.

Kijiko kilikuwa cha spoki. Ziko 36, na Mzee aligonga moja baada ya nyingine akiwa amefumba macho. Iliyokaza inalia, iliyolegea inasema "tok" na kunyamaza. Zilizonyamaza akazitia chaki. Zilikuwa karibu zote za upande mmoja, upande ambao mwinjilisti aliwahi kugonga ukingo wa daraja, jambo ambalo Mzee alilisema bila kuwa amemjua mwinjilisti. Akashikilia chaki karibu na rimu bila kuigusa, akazungusha gurudumu. Pale rimu ilipojitokeza ilijichora yenyewe. Akakaza huku, akalegeza kule, robo ya mzunguko kwa wakati, mpaka chaki ikawa haijui pa kuchora. Rimu ikicheza zaidi ya milimita mbili, alisema, usimlaumu mchawi.

Kisha uzi. Hapa nilivuta kiti. Alama zilizochongwa kwenye mkono wa nyuma, zile za kukuonyesha kwamba umevuta cheni sawa pande zote mbili, zilisema gurudumu limenyooka. Mzee hakuziamini, kirekebishaji cha kulia kilikuwa cha pikipiki nyingine. Akauzungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, akauleta mbele pande zote mbili, chini ya fremu, akauvuta ukaze hadi uguse tairi la nyuma sehemu mbili kila upande. Tairi la mbele ni jembamba kuliko la nyuma, kwa hiyo uzi hauligusi. Unaacha nafasi, na nafasi ya kulia inapaswa kulingana na ya kushoto. Kulia kulipita kidole gumba. Kushoto uzi ulilala juu ya mpira.

Magurudumu yangu mawili yalikuwa yanakwenda miji tofauti.

Akalegeza ekseli, akasogeza kirekebishaji cha bandia, akavuta uzi tena. Bado. Basi akalegeza bolti zinazoshika shokapu za mbele, akasimama mbele ya pikipiki, akalibana gurudumu kati ya magoti yake, mzee wa miaka hiyo, akashika usukani kwa mikono miwili na kuupindua kwa mshindo mmoja. Kitu kikalia krak. Bibi akatoka. Zilikuwa shokapu tu, zilizojipinda kwenye vishikio vyake siku ya daraja na kubaki hivyo kwa miaka, huku usukani ukitazama mbele na gurudumu likitazama pembeni. Nafasi za uzi zikalingana.

Nati ya manseba ilimchukua muda na maneno kadhaa ya Kifaransa. Vikombe na gololi tukanunua vipya, pamoja na tairi, tyubu ya inchi 18 na beringi mbili za gurudumu, zile za 6301 ambazo kila duka linazo. Nati akaikaza hadi usukani, ukisukumwa kwa kidole, uanguke wenyewe hadi mwisho upande wowote, na bado shokapu zikitikiswa zisigonge. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ndogo sana, na ndiyo anayolipiwa fundi. Tairi jipya akalipaka povu la sabuni kingoni, akajaza upepo mpaka likaruka kwenye rimu, paa, kisha paa la pili, akatoa upepo wote, akajaza tena kwa kipimo. Mstari ukazunguka sawa.

Bushi za nyuma zilikuwa na mchezo kidogo. Alilitikisa gurudumu, akaniangalia, akasema hizo zibaki. Chombo cha zamani kikikosa kabisa la kulalamikia kitazima.

Niliijaribu barabara ya Likasi, hadi Musompo. Malori yaliyobeba bamba za shaba yalinipita yakiniachia upepo wao, na pikipiki ikatikisika ubavu mara moja, ikarudi mahali pake bila kuniuliza. Hamsini ikapita. Sitini. Usukani ulikuwa umetulia kiasi kwamba nilianza kusikia injini, na haikuwa habari njema, lakini hiyo ni insha nyingine.

Jumamosi shemeji akaja, akachukua funguo kama kawaida. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Aliketi tako la kulia, akatoa goti, akainamisha kichwa, akatia gia. Tulimwona akitoka getini kwa uzuri kabisa, akielekea kulia, akiendelea kulia, akivuka barabara nzima kulia, hadi kwenye mlango wa mama anayeuza unga wa mahindi.

Alirudi akiisukuma, mweupe kuanzia nywele hadi viatu.

"Shemeji," akasema, "mumeharibu moto."

Alidai irudishwe ilivyokuwa. Mama mkwe, kupitia kwa mke wangu, akasema mtoto ana haki, yeye aliipanda miezi yote bila kuleta aibu. Nikapeleka kesi barazani kwa Mzee. Alisikiliza pande zote, akamtazama shemeji alivyosimama, bega moja juu na jingine chini, akaniambia nimletee uzi.